Upande wa Ndani wa Bangili

Jumatatu, 4 Machi

Kwa miaka hamsini na miwili niliyokaa mbele ya moto wa usonara, sijaharibu kitu cha mtu hata kimoja.

Jumanne, 5 Machi

Haya, nimeharibu. Ninavyovikumbuka ni vitatu. Pete moja iliyeyuka nikiitazama, kwa kuwa nilikuwa nacheka maneno ya muuza magazeti. Kidani kimoja nilikiunga kinyume na mwenyewe akakivaa mwaka mzima bila kujua, na mimi sikumwambia. Na hereni moja ilinidondoka kwenye tundu la maji machafu. Naamini mpaka leo yuko panya huko chini anayetembea amependeza. Jana nilidanganya kwa sababu daftari lilikuwa jipya, nikataka lianze vizuri.

Daftari nimepewa na mkwe wangu, mke wa mwanangu. Anataka niandike maisha ya sonara mzee mpaka mvua ziishe, kisha achague kurasa nzuri azitie kwenye fremu, azitundike dukani, wateja wasome wakisubiri. Nikamwambia, "Mama, shule niliiacha darasa la tano. Mwandiko wangu ni kuku aliyekanyaga wino."

Akasema, "Ndivyo wanavyopenda, Baba."

Nilichukizwa, lakini nimekubali kwa sharti moja. Nikimaliza, anirudishie kigoda changu.

Kigoda chenyewe ni cha miguu mitatu, mmoja mfupi. Kilikaa pembeni ya meza yangu ya kazi tangu marehemu mke wangu hajawa marehemu. Aliyeleta kazi alikikalia, akayumba, akanitazama nikichoma. Mwanangu na mkewe walipolipaka duka rangi nyeupe walisema kigoda kinatia wateja masizi kwenye nguo, wakakitupa stoo. Sasa mbele pana kaunta ya kioo na sofa, na mimi nimesukumwa nyuma ya pazia kama sufuria chafu wageni wanapofika. Kigoda nakitaka kwa ajili ya kuwekea mguu wangu wa kushoto, unaovimba. Basi.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua imeanza. Paa linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya chupa ya tindikali. Nimeweka ndoo.

Jumatatu, 11 Machi

Mwanangu ametundika kibao kipya: KILA KITO KINA HADITHI YAKE. Yeye simwiti mwanangu tena, namwita Mkurugenzi, na anaitika.

Utaratibu ni huu. Mteja anakaa kwenye sofa. Mkwe anamletea maji kwenye glasi nyembamba na kumuuliza hadithi ya kito anachotaka. Mteja anasimulia, mkwe anaandika kwenye kadi, na kadi inafungwa na kito kwa utepe. Ni lazima alie mmoja wao. Mimi nyuma ya pazia nasikia kila kitu, kwa maana pazia halina masikio lakini mimi ninayo mawili.

Leo amekuja bwana mmoja mwenye sauti ya asali. Anataka mikufu miwili inayofanana kama pacha, mmoja wa mke wake kutimiza miaka kumi ya ndoa. Mkwe akauliza, "Na wa pili?" Bwana akasema ni wa dada yake. Mkwe akaandika hadithi ya upendo wa ndugu, machozi yakamlenga. Mimi nikatoa kichwa nje ya pazia: "Na huyo dada yako herufi za jina lake tuzichore mbele au nyuma, asije mkeo akazisoma?" Bwana akakohoa mpaka akamaliza maji. Mkurugenzi hajanisemesha tangu mchana.

Nimeitengeneza. Mikono yangu ilifanya kazi nzuri kuliko alivyostahili, na hilo ndilo linalonichukiza.

Alhamisi, 14 Machi

Jino!

Mama mmoja kijana ameleta jino la maziwa la mtoto wake, limefungwa kwenye karatasi ya chooni, anataka nilizungushie fedha liwe kidani. Mtoto mwenyewe yuko hai, ana miaka sita, alikuwa nje anapiga teke ukuta wetu mweupe. Nikamuuliza mkwe, "Mtoto si anaota mengine? Kwa nini mama yake avae la zamani shingoni kama mganga?"

"Baba, ni kumbukumbu."

"Ni mfupa."

Nimelishika kwa koleo, sikuligusa kwa mkono. Lilikuwa na kidoa cha damu kwenye mzizi. Nimekunywa chai bila hamu. Ulimwengu umeharibika, watu wanavaa meno.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumanne, 19 Machi

Ugomvi. Mkurugenzi amenunua mashine ndogo yenye brashi inayoingia ndani ya pete na ndani ya bangili. Anasema kazi zangu nje zinang'aa kama kioo lakini ndani ni chafu, wateja siku hizi wanapiga picha hadi ndani.

Ni kweli. Ndani sing'arishi. Fundi aliyenifundisha alinichapa sana kwa ajili hiyo na hakufua dafu. Nilimjibu mwanangu kama nilivyomjibu fundi wangu: ndani ya bangili kuna mkono, na ngozi itaing'arisha yenyewe pole pole, bila kutumia umeme. Akasema, "Mzee, huo ni uvivu umevalishwa kanzu."

Ni uvivu. Lakini si mtoto wa kuniambia.

Basi imeamriwa: kila nikimaliza kazi naiweka kwenye trei ya bluu, na yeye anamalizia ndani.

Jumatatu, 25 Machi

Siku nzuri, ya kwanza tangu daftari hili. Amekuja Mama Pazia.

Mama Pazia ana chumba cha kushonea mapazia upande wa pili wa barabara, mkabala na sisi. Alikuwa akimwita mke wangu dada, kwa hiyo mimi ni shemeji yake, na shemeji yangu huyu ana ulimi unaokata kitambaa kabla ya mkasi. Tumetaniana miaka ishirini na minne. Zamani kila asubuhi alikuja kunywa chai kwenye kile kigoda. Siku hizi ananipungia mkono kutoka kwake na kurudi kwenye cherehani.

Nilimsikia akiingia nikajikausha, nione watamfanyaje.

Mkwe: "Karibu, Mama. Kaa kwenye sofa."

"Sikai, nitasimama. Nina nyuzi mwili mzima, nitakuachia sofa yenye manyoya. Nimeleta bangili ipanuliwe. Binti yangu anaolewa tarehe nne Mei, nataka niivae, na mkono umenenepa. Leo nimeivua kwa sabuni nusu saa, nimetoa hadi jasho."

"Hongera sana! Na hadithi yake ni ipi, Mama?"

"Hadithi yake ni kwamba inanibana."

Nilicheka nyuma ya pazia hadi koleo likaanguka. Akasikia.

"Shemeji! Kumbe umefichwa huko! Wamekufungia kama jogoo mwizi?"

"Wamenificha nisikuone, moyo usije ukanipasuka."

"Moyo upi, ule uliouza kwa kilo? Nipanulie bangili yangu, na mikono yako kwanza unawe."

"Nipanue kiasi gani?"

"Kidole kimoja. Basi. Usiniongezee maua."

Akaiacha juu ya kioo na kwenda. Kwenye kadi mkwe aliandika neno moja, "Inabana," akaniuliza aifunge na utepe au aache. Nikamwambia mteja wa maana ndiye huyu: analeta dhahabu na haleti machozi.

Alhamisi, 28 Machi

Mguu.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeshinda na bangili ya Mama Pazia. Ni nyembamba, dhahabu ya zamani, laini, yenye wekundu kidogo, siku hizi haipatikani. Nimeikata, nimetia kipande cha upana wa kidole, nimelehemu, nimetumbukiza kwenye tindikali, nimeipiga taratibu kwenye mti wa chuma wa kuviringia bangili hadi ikawa duara. Kiungo sikioni hata mimi niliyekifanya.

Ilikuwa imechoka, maskini. Mikwaruzo ya miaka, na upande mmoja vishimo vishimo kama imegongwa na kichwa cha msumari. Nimevipiga msasa vyote, nikamalizia na kitambaa cha kung'arishia. Imetoka kama imezaliwa asubuhi hii. Sikuambiwa nifanye hivyo. Nimemfanyia kama zawadi yangu ya harusi, na kazi ya namna hii huwezi kuiona katika mji huu wote. Nimejipongeza kwa chai ya pili.

Kwenye trei ya bluu sikuiweka. Nataka nimkabidhi mwenyewe, mkono kwa mkono.

Ijumaa, 5 Aprili

Sijui nianze wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Amekuja saa nne kujaribu bangili. Mvua ilikuwa imepumzika. Nilitoka nyuma ya pazia mwenyewe, nimenawa mikono kwa makusudi, nikamwekea bangili juu ya kioo. Ilikuwa inawaka. Mkurugenzi alikuwapo, mkwe alikuwapo, nikasema kwa sauti ili wasikie, "Tazama kazi ya mtu aliyefungiwa nyuma."

Hakuitazama. Aliichukua, akaanza kuizungusha kwa kidole gumba, kama mtu anayetafuta ncha ya uzi. Akaizungusha mara moja. Akaizungusha mara ya pili, pole pole zaidi. Nilikuwa bado natabasamu. Nilikaa nikitabasamu muda wote huo kama mpumbavu.

"Shemeji, ziko wapi?"

"Nini?"

"Alama."

"Vile vishimo? Nimevitoa vyote. Bure, zawadi yangu."

Akaketi. Si kwenye sofa. Aliketi chini sakafuni, mwanamke mzima, pale penye matope ya viatu vya watu. Mkwe akakimbilia maji. Mama Pazia akasema, akiiangalia bangili na si mimi:

"Kabla ya huyu ninayemwoza nilikuwa na mwingine. Wa kiume. Alikuwa anaota meno, ana manne, mawili juu na mawili chini. Nikimbeba, anaukamata mkono wangu anaitafuna hii. Nilikuwa namkaripia. Nilikuwa namwambia, acha, utaniharibia bangili yangu." Akaigeuza bangili mkononi. "Homa ilimchukua siku tatu. Hakuwahi kupigwa picha."

Miaka ishirini na minne. Najua anaweka sukari vijiko vitatu. Najua anamchukia muuza mkaa, najua goti lipi linamuuma mvua ikikaribia. Hili sikulijua.

Nikasema kitu. Natamani niandike kwamba nilisema kitu cha utu. Nilisema, "Sasa mbona hukuniambia?"

Akainua kichwa. "Ningekuambia nikiwa wapi? Nimesimama kwenye kioo? Nimwambie huyu binti aniandikie kwenye kadi?"

Akainuka kwa kushika kaunta, akaiweka bangili juu ya kioo. "Kaa nayo. Hiyo si yangu. Yangu ilikuwa na mtu ndani yake."

Akavuka barabara. Gari likampigia honi, hakugeuka.

Mkurugenzi akaniambia, "Mzee, si kosa lako. Utaratibu haukufuatwa, hadithi haikuandikwa." Nusura nimpige na nyundo. Utaratibu! Nikatazama vidole vyangu, vimetakata, kucha zimesuguliwa, nikaviona vinatia kinyaa kuliko jino lile kwenye karatasi ya chooni.

Jumamosi, 6 Aprili

Bangili nimeitia kwenye droo. Siiangalii.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua mchana kutwa.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Mlango wake uko wazi, cherehani inalia. Hapungi mkono.

Jumanne, 9 Aprili

Nimevuka barabara. Nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe nauona aibu hata kuuandika. Nilimkuta anashona pazia la kijani refu kama mto. Nikasimama mlangoni nikachuruzika maji.

"Shemeji, nimefikiri. Naweza kuzirudisha. Nina patasi ndogo, nina nyundo ndogo. Nikipiga pale pale, taratibu, hutajua."

Akasimamisha cherehani. "Utazirudisha."

"Ndiyo."

"Zote."

"Ukitaka zote."

"Kwa patasi. Mbona usizing'ate mwenyewe? Au huna meno ya kutosha?"

Ninayo matatu. Anajua ninayo matatu. Mwezi uliopita angelisema hilo tungecheka hadi tushike mbavu. Leo alilisema bila hata kona ya mdomo kusogea, akarudi kukanyaga cherehani, na mimi nikabaki nimesimama na meno yangu matatu mdomoni kama mzigo wa mtu mwingine.

Ana haki. Kughushi meno ya mtoto wa mtu. Mimi ndiye niliyemcheka yule bwana wa mikufu miwili.

Alhamisi, 11 Aprili

Yule mama wa jino amekuja kuchukua kidani chake. Alikivaa hapo hapo, akakishika na kukifunika kwa kiganja. Sikusema kitu. Mkwe alinitazama kama naumwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Mkurugenzi anataka "kulimaliza suala la Mama Pazia kitaalamu." Boksi zuri, utepe, kadi ya kuomba radhi. Nimemwambia asiguse. Amesema sawa. Namjua huyu tangu hajui kujifuta pua. Akisema sawa, hajakubali.

Jumanne, 16 Aprili

Naandika haraka, mnisamehe mwandiko.

Asubuhi nilikuwa nakunywa chai nyuma ya pazia, na kipande cha mkate mkavu wa jana uliokuwa mgumu kama soli. Nikang'ata, haukukatika. Nikautoa mdomoni niutazame, maana mtu mwenye meno matatu lazima akague kazi yake. Juu ya mkate alama mbili. Nikageuza. Chini alama moja.

Nikakaa nimeushika.

Meno manne, alisema. Mawili juu, mawili chini. Mtoto aking'ata bangili haing'ati upande mmoja, jamani. Meno ya juu yanakaa nje, ya chini yanakaa ndani. Nje nilisafisha. Ndani mimi sisafishi! Sijawahi kusafisha ndani tangu nizaliwe!

Nikafungua droo. Haimo.

Kutoka mbele nikasikia ile mashine ndogo inalia kama mbu.

Kukimbia sijui tena, lakini nilifika. Mkurugenzi ameinama, bangili imekaa mkononi mwake, brashi imo ndani. Nikapiga kelele, mashine ikafunika sauti yangu. Basi nikafanya nililoweza, nikaishusha swichi kubwa ya ukutani. Duka zima likazima, taa, feni, ule muziki wao wa kubembeleza mabubu. Bibi harusi mmoja aliyekuwa kwenye sofa akapiga yowe.

"Mzee! Una wazimu?"

"Umeanzia wapi?"

"Nini?"

"Brashi! Umeanzia wapi?"

"Kwenye kiungo chako, ndiyo nimeanza tu. Ndani ni pachafu, nilitaka nimfungie vizuri..."

Nikamnyang'anya. Nikatoka nayo hadi mlangoni penye mwanga, nikatia kioo changu cha kukuzia jichoni. Kwa mvua ile na jicho lenyewe la kizee, niliona ukungu mtupu. Nikafuta kioo. Nikatazama tena, kuanzia kwenye kiungo. Upana wa vidole viwili ulikuwa unang'aa, mashine imepita. Kisha giza la zamani. Na palepale giza linapoanza, vishimo viwili, vimekaa bega kwa bega, kama punje mbili za mchele. Kimoja kizima. Kingine brashi imekigusa ukingoni, lakini kipo.

Mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikampa kioo, akatazama. Huyu anayelia kwa kila mteja hakulia. Alimgeukia mumewe akamwambia, "Chomoa hiyo mashine." Nilimtazama mara mbili. Nimeishi naye miaka sita nikidhani ni utepe na maji ya glasi.

Mwanangu aliketi kwenye sofa lake akashika kichwa. Nikamwambia, "Si wewe peke yako. Mimi nilimaliza nje, wewe ulikuwa unamalizia ndani. Tumerithishana."

Jumatano, 17 Aprili

Nimempelekea. Sikutia boksi wala utepe, niliifunga kwenye kitambaa changu cha kazi. Nilivuka mvua ikinyesha, nikaingia bila kubisha.

"Sijakuja kuomba kitu," nikasema. "Tia kidole gumba ndani. Karibu na pale panapong'aa."

Alinitazama kwa muda ambao ungetosha kushona pindo. Kisha akaichukua. Kidole kikapita, kikarudi, kikasimama. Mguu ukatoka kwenye kanyagio la cherehani.

"Ya chini," akasema.

"Ya chini."

"Ndiyo yaliyotangulia kuota." Kidole hakikuondoka. "Miaka yote mkono wangu uliifunika, sikuwahi kutazama ndani. Nilikuwa nashika ya juu tu." Halafu akaniuliza, "Na wewe kwa nini hukuisafisha huku?"

Ningeweza kudanganya. Palikuwa na uongo mwingi mzuri. "Uvivu," nikasema. "Ndani huwa sisafishi."

"Wateja wako wote?"

"Wote."

"Mchafu mkubwa wewe."

"Ndiyo, shemeji."

"Ya chini nimekusamehe," akasema. "Ya juu sijakusamehe. Na usije ukadhani nitasahau."

"Najua."

"Sasa toka, unaniloweshea kitambaa cha watu."

Niliporudi dukani nilikuwa nimelowa hadi kwenye nguo za ndani. Nilikunywa chai, na ilikuwa na ladha ya chai.

Jumatatu, 22 Aprili

Ndoo mara moja tu leo.

Jumamosi, 4 Mei

Harusi. Wali ulikuwa mgumu, spika zilinipasua masikio, na mjomba wa bwana harusi alitoa hotuba iliyozaa hotuba nyingine. Nilichukizwa kama mtu mwenye afya njema.

Mama Pazia alivaa bangili. Ilimkaa. Wakati watu wanampongeza, mkono wa kulia unapokea salamu, kidole gumba cha mkono huo kikipata nafasi kinarudi kwenye wa kushoto, kinajipenyeza chini ya dhahabu. Hakuna aliyejua anashika nini. Mkwe alikuwa kando yangu, aliona, akatazama pembeni. Kadi hakuandika.

Wakati wa kuondoka nilimuuliza Mama Pazia kama kesho kutwa atakuja kunywa chai, kama zamani. Akasema, "Nikae wapi? Kwenye sofa sikai, naogopa kuulizwa hadithi."

Ijumaa, 10 Mei

Siku ya sita hakuna tone. Ndoo nimeigeuza. Mvua zimeisha, na kwa mapatano yetu daftari nalo limeisha.

Mkwe, najua wewe ndiye utakayelisoma. Ukurasa wa kutia kwenye fremu sidhani kama umo. Labda ule wa mguu. Mwanzoni nilikuambia kigoda nakitaka kwa ajili ya kuwekea mguu. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili katika daftari hili, ila wakati ule mwenyewe sikujua. Fundi akimwona aliyeleta kazi amekaa pale anayumba, anachelewa kushika msasa. Ndiyo kazi yake kile, hakina nyingine.

Basi nimeandika, na wewe una deni langu. Kigoda kiko stoo, nyuma ya makopo ya rangi nyeupe. Kilete kesho asubuhi kabla Mama Pazia hajafungua chumba chake, ukiweke pembeni ya meza yangu, na lile pazia ulisogeze kidogo ili akione kutoka kule. Ule mguu mfupi uache ulivyo. Na nakuomba, mama, usikipige msasa.